Grainda, plazma, leza au maji: ukatie vipi bamba sugu la roboti yako Nairobi

Ukishaamua kwamba kabari (ngao ya mteremko ya mbele) au ubapa (silaha inayozunguka) wa roboti yako ya mapigano utatoka kwenye bamba la chuma sugu, lile linalouzwa kwa majina kama Hardox au AR500, kazi ngumu ndiyo kwanza imeanza. Kununua kipande ni rahisi kuliko kukikata bila kukiharibu. Hapa Nairobi una njia nne za maana: grainda mkononi mwako, plazma, leza, na maji yenye mchanga. Kila moja ina watu wake wanaoapa kwamba hakuna nyingine, na kila mmoja wao ana haki kwa kazi yake.

Tochi ya gesi nimeiacha nje kwa makusudi. Mafundi wa Gikomba na Kariobangi Light Industries wanaimudu vizuri, lakini joto lake hubadilisha chuma milimita 4 hadi 10 kutoka ukingoni. Kwa ndoo ya tingatinga hilo si neno. Kwa kipande cha upana wa vidole viwili, unaweza kukipika sehemu kubwa.

Kwa nini bamba hili halitaki moto

Chuma cha kawaida cha mageti na madirisha kina ugumu wa takriban 120 kwa kipimo cha Brinell. Hardox 450, inayotengenezwa na SSAB ya Uswidi, iko kati ya 425 na 475. Hardox 500 iko kati ya 470 na 530. Ugumu huo haukutokana na uchawi wa madini adimu. Umetokana na kupashwa moto mkali kiwandani kisha kuzimwa ghafla kwa maji. Ndiyo maana ukilipasha bamba upya kupita nyuzi 250 za Selsiasi, linaanza kulegea, na maji yakimwagika hayazoleki: karakana ya mtaani haina namna ya kuurudisha ugumu huo sawasawa.

Hilo ndilo ninalotaka ulishike unaposoma ulinganisho huu. Kadiri kipande kilivyo chembamba, na kadiri sehemu inayopiga ilivyo karibu na mkato, ndivyo unavyohitaji njia baridi zaidi. Bei na usahihi vinafuata baadaye.

Neno moja kuhusu majina. Herufi AR (kwa Kiingereza "abrasion resistant", yaani linalostahimili kusuguliwa) na namba yake si kiwango kimoja kilichofungwa. Viwanda tofauti huzitumia kwa namna zao, hivyo muuzaji akikuambia "hii ni AR500", mwombe cheti cha kiwanda. Kwa ngao na kabari mimi hupendelea daraja la 450, kwa sababu hupinda kabla ya kupasuka. Daraja la 500 nalihifadhi kwa kinachozunguka na kupiga.

Vigezo, na vipande viwili vya kupimia

Nitaangalia mambo manne kwa kila njia: joto linaloachwa kwenye ukingo, usahihi wa vipimo, matundu, na mfuko pamoja na upatikanaji. Kisha nitasema inamfaa nani.

Ili tusizungumze hewani, chukua vipande viwili. Cha kwanza ni kabari ya mbele ya roboti ya kilo 13.6, yenye milimita 300 kwa 120, unene 4. Inafika kilo 1.13. Cha pili ni ubapa wa kuzunguka wa roboti ndogo ya kilo 1.36, wenye milimita 150 kwa 25, unene 4. Huo una gramu 118 kabla ya kutobolewa. Ni chuma kilekile na unene uleule, ila utaona majibu yanavyoachana.

Grainda

*Joto.* Hapa joto liko mikononi mwako kihalisi. Diski nyembamba ya milimita 1 hukata bamba la milimita 4 bila shida kubwa, ingawa utazimaliza diski haraka kuliko kwenye chuma cha geti. Rangi ya ukingo ndiyo kipimajoto chako. Manjano ya majani makavu huanza kuonekana karibu na nyuzi 220. Ikifika kahawia uko karibu na 250. Zambarau ni kama 280, na bluu ni 300. Ule mdomo mwembamba wa chuma kilichosukumwa na diski karibu daima utakuwa bluu, na huo hauna maana kwa sababu unauondoa kwa tupa. Angalia bluu iliyoingia ndani ya bamba. Ukiiona imeenea milimita 2 au 3, umekuwa ukisukuma badala ya kukata. Kata sentimita tatu au nne, simamisha, weka kitambaa chenye maji, subiri, endelea. Usimwage maji huku mashine ya stima ikizunguka.

*Usahihi.* Mkono uliotulia, rula ya chuma iliyofungwa kwa klempu na jiliwa lisilocheza vitakupa milimita 1 hivi. Kasoro kubwa iko kwenye kona za ndani. Diski ni duara, kwa hiyo ili ifike kwenye kona upande wa chini, inapita kona upande wa juu. Ule mkwaruzo uliopita ndipo ufa unapoanzia siku roboti ikipigwa. Toboa tundu kwenye kona kwanza, kisha kata kulifuata. Au chora kipande kisicho na kona za ndani, ambalo ndilo jibu ninalolipenda.

*Matundu.* Drili ya mkononi na biti za bei ya chini hazitaingia. Zitasugua, zitapiga kelele, zitabadilika rangi na kuwa butu. Unahitaji biti ya kobalti, drili ya kusimama, mafuta ya kukatia na mwendo wa pole sana. Kwa biti ya milimita 8 kwenye daraja la 500, mwendo wa mita 6 kwa dakika ni kama mizunguko 240 kwa dakika. Drili nyingi ndogo za mezani haziwezi kushuka hapo bila kubadilisha mkanda. Bonyeza kwa nguvu isiyokatika, chipu zitoke. Ukiona vumbi badala ya chipu, simama. Mwenye drili ya namna hiyo humkosi ukiwauliza mafundi wa Kariobangi.

*Mfuko.* Hakuna njia rahisi zaidi ya kuanza. Grainda ya wati 850 inatumia soketi ya kawaida, na tokeni haitalia.

Hapa lazima niingilie kati kuhusu diski. Kuna mazoea ya kuvua kinga ya grainda ndogo na kufunga diski kubwa ya milimita 230 ili ikate kwa kina. Diski hiyo imetengenezwa isizidi mizunguko 6,600 kwa dakika, yaani mita 80 kwa sekunde pembeni. Grainda ndogo huzunguka kama mara 11,000. Kwa hesabu hiyo ukingo wa diski unakwenda mita 132 kwa sekunde, na ikipasuka hakuna miwani itakayokusaidia. Kitu kingine ambacho wajenzi wa roboti husahau: betri za lithiamu zitoke kabisa mahali cheche zinapofika.

*Inamfaa nani?* Mwenye kipande kimoja au viwili, vyenye mistari iliyonyooka, na subira. Kabari yetu inakatika vizuri kwa grainda. Ubapa nao unawezekana, tena kwa joto unalolidhibiti mwenyewe, ila kuusawazisha mizani kutakula jioni yako yote.

Plazma

*Joto.* Ukanda ulioathirika huwa milimita 2 hadi 5 kutoka kila ukingo. Rudi kwenye vipande vyetu. Kabari ina upana wa milimita 120, kwa hiyo hata ukipoteza 5 kila upande, katikati bado ni bamba ulilolipia. Ubapa wa milimita 25 unaweza kupoteza kati ya 4 na 10 ya upana wake, tena zile za pembeni, ambazo ndizo zinazopiga. Baadhi ya meza za plazma zina maji chini ya bamba au hulizamisha kabisa, na hilo hupunguza joto sana. Uliza kabla ya kulipa.

*Usahihi.* Takriban milimita 1 huku na huku, na mkato wenyewe hula milimita 2 hadi 4 za chuma. Ukingo huwa na mteremko kidogo na magamba chini. Elewaneni mapema nani anayefidia upana wa mkato kwenye mchoro, wewe au mwendesha mashine. Mkifidia wote wawili, kipande kitatoka kikubwa kuliko ulivyochora; asipofidia yeyote, kitatoka kidogo.

*Matundu.* Sehemu dhaifu ya njia hii. Matundu madogo hutoka yakiwa na mteremko, na ngozi yake ya ndani huwa imezimwa upya na kuwa ngumu kupita bamba lenyewe. Ukiingiza biti kulirekebisha, ngozi hiyo inaila. Mwambie fundi aguse tu alama ya katikati, kisha utoboe mwenyewe kuanzia mwanzo.

*Mfuko.* Karakana nyingi za Industrial Area zina meza ya plazma inayoongozwa na kompyuta, na malipo huwa ya kuvumilika. Ukifikiria kununua tochi yako ndogo ya ampea 40 ujifanyie nyumbani, ujue ikikata kwa nguvu yote itavuta zaidi ya soketi ya ampea 13, na bado itataka kompresa yenye hewa kavu.

*Inamfaa nani?* Wajenzi wa roboti kubwa, wenye ngao nyingi na nene, na vilabu vinavyokata seti nzima kwa siku moja. Kwa vipande vyembamba kuna hila inayofanya kazi: kata kwa plazma ukiacha milimita 5 za ziada pande zote, halafu ondoa ule ukanda laini polepole kwa grainda. Ni kazi mara mbili, lakini unabaki na chuma kizima.

Leza

*Joto.* Kati ya milimita 0.4 na 3. Kwenye bamba la milimita 4, kwa mashine yenye nguvu inayokwenda kwa kasi, utakuwa karibu na ile namba ndogo. Ila kipande kidogo chenye mikato mingi iliyokaribiana hukusanya joto, kwa hiyo mwombe mwendeshaji asikate matundu yote ya ubapa mmoja kwa mfululizo. Arukie kipande kingine kisha arudi.

*Usahihi.* Milimita 0.2, na mkato usiofika milimita 1. Ndiyo njia ya kwanza katika orodha hii ambapo ubapa hutoka ukiwa karibu umesawazika wenyewe, kwa sababu pande zote mbili ni nakala ya mchoro mmoja. Weka mahali leza inapoanzia kutoboa nje ya kipande, upande wa mabaki. Pale huacha kovu dogo, na kovu kwenye kitu kinachozunguka halifai.

*Matundu.* Tundu lenye kipenyo kinachokaribia unene wa bamba hutoka safi. Ngozi ngumu bado ipo, nyembamba, kwa hiyo usipange kuchonga nyuzi za boliti ndani yake. Pitisha boliti, funga nati nyuma.

*Mfuko.* Hapa Nairobi leza imeenea kwa sababu ya mageti na paneli za urembo. Hilo ni zuri na baya. Zuri, kwa kuwa mashine zipo na ushindani upo. Baya, kwa kuwa waendeshaji wengi wamezoea chuma laini chembamba, na mteja anayekuja na kipande chake cha bamba lisilojulikana anaonekana kama balaa. Wana sababu. Bamba lenye kutu, rangi au magamba hukatika vibaya, na lililopinda linaweza kugonga kichwa cha mashine. Kipande kidogo nacho hudondoka kati ya meno ya meza. Ukienda, nenda na bamba lililosuguliwa, lililonyooka, kubwa kuliko unavyohitaji, na faili ya DXF (aina ya faili ya mchoro inayosomwa na mashine hizi) yenye mistari iliyofungwa na vipimo kwa milimita. Sema wazi daraja la chuma na unene. Uliza pia kama wana malipo ya chini kwa kazi, maana mara nyingi ubapa mmoja na bapa sita hutofautiana kidogo tu kwa bei. Kata za akiba.

*Inamfaa nani?* Mwenye mchoro ulioiva. Leza haikusamehe: kosa la kwenye kompyuta utalibeba nyumbani likiwa chuma. Kama bado unabadilisha mahali pa ekseli, kata kwanza kwa kadibodi au plaiwudi.

Maji

*Joto.* Hakuna la kuzungumzia. Maji yakisukumwa kwa presha ya bar 3,000 hadi 4,000 yakibeba mchanga wa ganeti hula chuma bila kukipasha, na ugumu unabaki uleule hadi ukingoni kabisa. (Presha ya kuoshea magari ni kama bar 150, kwa hiyo usijaribu.)

*Usahihi.* Milimita 0.2 kama leza, mkato wa milimita 1 hadi 3, na mteremko mdogo unaopungua mashine ikienda polepole.

*Matundu.* Bora kuliko yote manne, kwa sababu hakuna ngozi iliyozimwa upya. Ukitaka kupanua tundu au kuchonga nyuzi, biti ya kobalti inakutana na bamba lilelile na hakuna cha ziada.

*Mfuko.* Hapa ndipo njia hii inapowapoteza wengi. Mashine hizi ni adimu jijini ukilinganisha na leza, zinakata polepole, na ganeti hulipiwa. Itabidi upige simu kadhaa na uwe tayari kusubiri foleni ya wateja wenye kazi kubwa. Kipande kikitoka, kikaushe na kukipaka mafuta palepale, la sivyo kitaanza kutu kabla hujafika nyumbani.

*Inamfaa nani?* Ubapa mwembamba, meno madogo, na bamba nene ambalo leza ya mtaani hailiwezi. Kwa kabari ya kawaida ni kutumia pesa mahali pasipohitajika.

Ukishakata

Mambo machache hayategemei ulikatia wapi. Kupinda: daraja la 450 linataka kipenyo kikubwa, nusu yake ya ndani ikiwa angalau mara tatu au nne ya unene, na linarudi nyuma sana ukiachia. Sugua ukingo wa mkato uwe laini kabla ya kupinda, hasa upande wa nje, kwa sababu mikwaruzo hugeuka nyufa. Wale mafundi wa Kamukunji wanaopinda mabati kwa nyundo kwa ustadi wa ajabu hawataweza bamba hili, tafuta presi. Au chora kabari yako kama vipande bapa vinavyoungwa kwa boliti, usipinde kabisa.

Kuchomelea: fimbo za 6013 zilizojaa kila karakana si chaguo zuri. Tumia 7018 zilizokauka vizuri, mistari mifupi, na uache ipoe. Pale ulipochomelea chuma kitakuwa laini, kwa hiyo weka kiungo mbali na panapopigwa. Ubapa wa kuzunguka usichomelewe hata kidogo.

Basi uende wapi?

Kama hii ni roboti yako ya kwanza, una bamba moja la kabari na mfuko mwepesi, grainda inatosha. Tumia kilichobaki kununua biti mbili nzuri za kobalti.

Kama ni klabu ya shule au chuo yenye roboti kadhaa za kilo 13.6, kusanyeni michoro yenu, pelekeni ngao na kabari zote kwa plazma siku moja, na matundu mtoboe wenyewe.

Kama ni roboti ndogo yenye silaha ya kuzunguka na mchoro hautabadilika tena, leza itakupa bapa zinazofanana na akiba juu yake. Ubapa ukiwa na upana mdogo sana, chini ya milimita 20 hivi, au ukiwa na meno yaliyochongoka, anza kupiga simu za wenye mashine za maji, na usipompata yeyote, rudi kwenye leza ukiacha milimita 1 ya kusugua kwa mkono.

Na kama kinachokuvutia ni kipande cha bure kutoka kwa wauza skrapu, labda taya la mashine ya kuvunja kokoto kutoka machimboni, nenda na sumaku. Isiposhika, hicho huenda si chuma kilichozimwa bali ni chuma cha manganizi, aina aliyoibuni Robert Hadfield mwaka 1882, ambacho huzidi kuwa kigumu kadiri unavyokigonga na kukitoboa. Biti yako itakufa pale. Sumaku ikishika, pitisha tupa mpya pembeni: ikila kwa urahisi ni chuma laini cha kawaida, ikiteleza na kung'ata kwa shida una kitu cha kubeba. Mpe muuzaji bei ya skrapu, si ya bamba jipya.